Ng'ombe Aliyekuja Kunitazama

Iko siku moja naikumbuka kwa hasira, mwanangu, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kanzu mpya mwilini, pakacha la madafu begani, na akili haba kichwani. Zaidi ya miaka thelathini nimeificha siku hiyo. Watu wananijua kwa mengine, na hayo mengine nimependa yasemwe. Hili sikutaka lisemwe. Leo nalisema mwenyewe, kwa sababu wiki iliyopita niliudhiwa, na mtu kama mimi akiudhiwa hakai kimya.

Kwanza unijue. Mimi sikusoma. Nilipoishia darasa la nne baba alinipa panga akasema kalamu yako hii, nikaishika. Lakini wewe uliza. Kuanzia bandarini Kilindoni mpaka Ndagoni, uliza nani mwenye shamba la minazi lililo safi kama uwanja wa msikiti, nani mwenye ng'ombe ishirini na saba, nani aliyejenga nyumba ya matofali na hakurithi hata kijiko. Watakuleta kwangu. Sijisifu, nasema lililopo. Wenye vyeti vyao wanakuja kwangu kuomba kazi, nami nawapa, na salamu wananipa wao kwanza.

Sasa wiki iliyopita vijana watatu walipita shambani kwangu juu ya pikipiki moja. Mitamba yangu, ambayo bado haijazaa na kazi yake kubwa duniani ni kushangaa, ikasogea njiani kuwatazama. Mtu mwenye akili angepita polepole. Hawa walishuka, wakavunja fimbo, wakaanza kuichapa usoni, mmoja anapiga picha kwa simu, wengine wanacheka mpaka wanashika mbavu. Niliwafikia nikiwa natweta.

"Shikamoo mzee," akasema mkubwa wao. "Ng'ombe wako wametuvamia."

"Marahaba. Wamewavamia kwa nini? Kwa macho?"

"Si wametufuata?"

"Hata mimi nimekufuata. Nichape basi."

"Aa, mzee, unafika mbali. Ni ng'ombe tu."

Neno hilo, mwanangu. Ni ng'ombe tu. Nilitetemeka mpaka panga likanitoka mkononi, na wale vijana wakadhani natetemeka kwa uzee. Uzee gani? Mimi bado nakwea mnazi na kushuka kabla hujamaliza kufunga viatu. Nilitetemeka kwa sababu neno lile nilikwisha kulisema mimi, kwa kinywa hikihiki, na nilijibiwa. Wanasema hasira hasara, na mimi sikatai. Lakini iko hasira nyingine ni dawa, na dawa hainyweki kwa tabasamu. Basi kaa unisikilize.

Huku kwetu ng'ombe hulishwa chini ya minazi. Wao wanakula majani, shamba linabaki wazi, na nazi ikianguka inaonekana. Katika shamba lililo baina ya Kiegeani na Ndagoni, nilikojifunza ukwezi, palikuwa na ng'ombe wanane wa watu mbalimbali waliokula pamoja. Na palikuwa na desturi. Mkwezi akimaliza kazi yake ya siku, hupasua dafu moja la mwisho na kuliacha chini, wazi, ng'ombe waje walambe maji na nyama yake laini. Wakwezi wa zamani waliliita haki ya ng'ombe. Mwalimu wangu, Mzee Faki, aliniambia siku ya kwanza kabisa.

"Usiondoke bila kuacha haki yao."

Nami nikamjibu, kijana wa siku moja kazini, "Mzee Faki, mimi nimekuja kukwea. Sikuja kunywesha mifugo."

Hakunigombeza. Alijifunga shuka lake akasema, "Sawa. Watakukumbusha wenyewe."

Kumbe mimi, mbele ya watu nilikuwa simba, lakini ng'ombe nikiwaogopa. Nilizaliwa katika nyumba ya wavuvi. Papa nilimjua, samaki taa na mwiba wake nilimjua, lakini mnyama mwenye pembe anayekutazama asiseme kitu, huyo sikumjua. Juu ya mnazi, urefu wa kupasua mawingu, sikutikisika. Chini, ng'ombe akipiga chafya nilihama njia. Hili sikumwambia mtu. Kijana akiwa na sifa moja hulinda sifa hiyo kama kuku na kiota, hata yai likiwa viza.

Siku yenyewe ilikuwa ya harusi ya rafiki yangu Sudi, huko Ndagoni. Nilikuwa nimenunua kanzu Kilindoni, ya kwanza niliyoinunua kwa jasho langu, nyeupe mpaka inaumiza macho. Nikakata madafu ishirini ya kuwapelekea wenye shughuli, nikayatia katika pakacha, nikashika njia ya mguu asubuhi jua limeshapanda kidogo. Ilikuwa siku za bamvua, maji ya pwani yanapotoka mbali sana na kurudi juu sana. Liangalie hilo, maana njia ile upande wake mmoja ni minazi na upande wa pili ni mikoko.

Nilipofika katikati ya shamba lile, akainua kichwa ng'ombe mmoja. Kisha wa pili. Kisha wote wanane wakaacha majani na kuanza kuja.

Hawakuja kwa mbio. Walikuja kama watu wanaokwenda kumwamkia mgeni, wanatangulizana, wanarudishana nyuma. Mbele yao alikuwa jike mwekundu mzito, ana doa jeupe kwenye paji la uso na tumbo limemshuka. Walinusa madafu. Walinijua mimi ni mkwezi, maana harufu ya mnazi haimtoki mkwezi hata akivaa kanzu. Walikuja kutazama, na pengine kudai haki yao ya miezi miwili niliyokwea bila kuwaachia kitu.

Nikasimama. Wakasimama. Nikapiga hatua tatu, wakapiga tatu. Nikakohoa, masikio kumi na sita yakageuka kwangu. Yule mwekundu akanyoosha shingo, akapuliza pumzi ya moto kwenye mkono wangu, akatoa ulimi na kugusa ukingo wa kanzu yangu. Basi nikakimbia. Nao wakakimbia. Ng'ombe, mwanangu, hajui kama unamkimbia. Anadhani mnakwenda pamoja.

Lakini mimi nilisikia kwato nyuma yangu. Nikatupa pakacha chini, nikaokota upongoo, ule mti wa katikati ya kuti kavu, mgumu kama nondo. Nikageuka nikampiga yule mwekundu usoni. Alisimama. Akapepesa macho. Hakuelewa. Hata leo nakusimulia naona lile pepesa la macho, ni kama mtu aliyekupa mkono ukampiga kofi, akabaki anautazama mkono wake. Nikampiga tena, safari hii jichoni. Hapo akaelewa.

Akageuka, akakata njia, akaingia mikokoni kwa mbio na tumbo lake lile. Wenzake wakatawanyika minazini. Kisha nikasikia kishindo, kizito, kama magunia mawili ya nazi yametupwa topeni. Baada yake nikasikia pumzi ikikoroma.

Nikajua. Usimwamini mtu akikwambia kijana hajui. Ndani ya mikoko ile akina mama wa Kiegeani walichimba mashimo ya kufukia makumbi, maganda ya nazi, yaoze kwa maji ya chumvi miezi na miezi, kisha wayaponde wapate usumba wa kusokotea kamba. Mashimo yale nilikuwa nayajua tangu utoto. Nilisimama pale nikisikiliza. Nikatazama kanzu yangu, haijapata hata tone la tope. Nikatazama jua. Nikaokota madafu yangu, nikaenda harusini.

Hapo ndipo penye hasira yangu, mwanangu. Haipo kwenye woga. Woga kila mtu anao, hata mimi, na unaniona mimi. Hasira yangu ni hatua ile ya kwanza niliyopiga kuelekea Ndagoni baada ya kusikia kishindo. Ningeweza, ningeikata miguu ile.

Nilipofika nilizunguka uani kuwapa akina mama madafu. Moshi umetanda, masufuria matatu makubwa ya pilau yako motoni, wasichana wanamenya vitunguu.

"Haya, mkwezi wetu huyo!" akasema shangazi yake Sudi. "Kanzu ya nani umeazima?"

"Nimenunua, shangazi. Jasho langu."

"Jasho lako tunalijua, linanuka nazi. Ukae mbali na pilau."

Wakacheka. Nami kwa kutaka wale wasichana wanitazame vizuri, nikaweka pakacha chini na kufungua mdomo. Nikasema nimepita katikati ya ng'ombe wakali, wanane, wamenizingira kila upande. Nikasema nimemtandika mkubwa wao kwa upongoo mpaka akatoroka.

"Shujaa!" akasema msichana mmoja, na hata leo sijui kama alinisifu au alinicheka. Nililichukua kama sifa.

Penye sufuria la mwisho alikuwa Bi Mwatumu, mjane wa Kiegeani, mponda makumbi hodari kuliko wote. Mkononi ana mwiko mrefu wa kukorogea pilau, na mgongoni, ndani ya kanga, ana mjukuu wake wa miezi saba. Mama wa mtoto yule alijifungua asiinuke tena, tukamzika. Mtoto alikuwa akilelewa kwa uji na kwa kikombe cha maziwa ya kuombaomba, leo nyumba hii, kesho ile. Kijiji kizima kilijua Bi Mwatumu anangojea nini: ng'ombe wake mmoja tu aliye naye, Zabibu, azae, ili mtoto apate maziwa ya nyumbani kwao. Mimi pia nilijua. Nilichokuwa sijui ni sura ya Zabibu, maana nilikuwa sitazami ng'ombe.

Bi Mwatumu akauliza bila kugeuka, "Huyo mkubwa wao, rangi gani?"

"Mwekundu. Ana doa jeupe usoni."

"Ana mimba?"

"Ana tumbo. Nilidhani ameshiba." Wasichana wakacheka. Yeye hakucheka.

"Akakimbilia wapi?"

"Mikokoni. Nilisikia hata kishindo."

Ulimi hauna mfupa. Neno lilitoka lenyewe, kwa utamu wa kusimulia. Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Kishindo cha nini?"

"Nadhani aliteleza, bibi."

"Wapi?"

"Kule mnakofukia makumbi."

"Na wewe ukafanya nini?"

Nikasema, Mungu anisamehe, nikasema huku nacheka kidogo, "Nikaja huku. Bi Mwatumu, ni ng'ombe tu."

Aliutoa mwiko sufuriani na kunipiga nao begani, mbele ya watu wote, pilau na mafuta yake vikatapakaa kwenye kanzu nyeupe.

"Ng'ombe tu? Na wewe ni mkwezi tu! Siku ukiporomoka mnazini, nami napita, nisikie kishindo, niende zangu nikale pilau?"

Mkwezi yeyote hulala na kishindo hicho. Hakuna kinachotuamsha usiku isipokuwa hicho. Aligusa penyewe, kwa neno moja, mama asiyejua hata kuandika jina lake.

"Tangulia," akasema. "Tangulia utuonyeshe, au nikuchape mpaka ufike."

Nikatangulia mbio. Nyuma yangu akina mama na kanga zao za harusi, nyuma yao wanaume waliosikia kelele, hata Sudi bwana harusi mwenyewe na kilemba chake kichwani. Pilau likabaki na wasichana wawili.

Tulimkuta Zabibu ndani ya shimo, amezama topeni mpaka kifuani, jicho moja limevimba na kufumba. Jicho hilo ni kazi yangu. Maji yalikuwa yameanza kurudi. Yanaingia kwa ndimi ndogondogo kati ya mizizi ya mikoko, unatazama pengine, ukirudisha macho yamepanda shubiri nzima ya mkono.

Wanaume wakarukia pembe. Wakavuta, wakapiga mayowe, ng'ombe akalia. Mjomba wake Sudi akachomoa kisu.

"Mchinjeni sasa hivi, bado mzima. Maji yakimfika puani huyu ni mzoga, hakuna atakayemla."

"Weka kisu chako," akasema Bi Mwatumu.

"Mwatumu, utakosa vyote."

"Nimesema weka kisu. Wamo wawili mle ndani. Na pembe ziacheni, mtamvunja shingo! Nyinyi mnajua kuvuta tu. Mashimo haya ni yetu."

Na kweli yalikuwa yao. Alimpa mtoto shangazi yake Sudi, akajifunga kanga kiunoni, akaingia na wenzake kwenye shimo la jirani. Wakaanza kutoa makumbi yaliyooza, meusi, yananuka mpaka tumboni, wakawa wanayapanga mbele ya miguu ya Zabibu, tabaka juu ya tabaka, kama ngazi iliyolazwa. Kisha akanigeukia.

"Wewe, ingia. Kichwa chake kishike. Maji yakipanda, na wewe mpandishe. Pua isilowe."

"Maji yatatuzamisha wote, bibi."

"Maji hayohayo mnayoyaogopa ndiyo yatakayombeba. Akipungua uzito atakanyaga makumbi, atatoka. Shika!"

Nikaingia na kanzu yangu. Nikaweka taya lake begani kwangu, mikono yangu chini ya shingo. Tope likanifika kiunoni, kisha maji yakanifika kifuani. Muda gani, sijui. Nilikuwa na nguvu, siku zile hapakuwa na kijana wa kunishinda nguvu kisiwani, na nguvu zote zikaniisha. Na muda wote ule uso wake ulikuwa kiganja kimoja tu kutoka usoni kwangu. Jicho moja limefumba. Jicho la pili linanitazama. Asubuhi alikuja kunitazama nikamkatalia. Sasa nilitazamwa sina pa kwenda.

Maji yalipomfika mgongoni nilihisi uzito wake unapungua, kidogokidogo, kama alivyosema yule mama. Akarusha mguu wa mbele. Ukakuta makumbi, ukateleza. Akarusha tena. "Mwacheni mwenyewe!" Bi Mwatumu akapiga kelele. Mara ya tatu ukashika. Akajikaza, akanguruma, akanirushia tope machoni, akatoka. Watu wakapiga takbiri. Mimi nilikuwa bado shimoni, nimenyoosha mikono, nimeshika hewa.

Ungependa niishie hapo. Hata mimi ningependa.

Siku ya tatu Zabibu akazaa ndama mfu. Jike, ana doa jeupe.

Bi Mwatumu akatuma mtu kuniita. Nilikwenda nikijua natukanwa, na matusi nilikuwa nimeyaandalia shingo. Hakunitukana. Alinionyesha kwa kidole tu yule ndama mfu. Ng'ombe wa kwetu, mwanangu, akikosa ndama mbele yake hashushi maziwa, utakamua mpaka vidole vife. Marehemu mume wa Bi Mwatumu alikuwa amechunga ng'ombe bara ujanani, akamfundisha mbinu ya huko. Tukamchuna yule ndama, ngozi tukaipaka chumvi, tukaishona, tukaijaza usumba mkavu ikawa na umbo. Miguu haina, macho haina. Doa lipo.

"Kila alfajiri," akasema, "utakuja umshikie huyu mbele ya mama yake. Wewe, si mtu mwingine."

Nikaja. Kila baada ya sala ya alfajiri nilisimama mbele ya Zabibu nimekumbatia ngozi iliyojaa usumba, naye anailamba, anailamba, anasemesha kwa sauti ya chini tumboni, na nyuma yake Bi Mwatumu anakamua. Vijana wenzangu waliniita mama ndama. Wasichana wale wa vitunguu walikuwa wakipita kwa makusudi. Sikukosa hata asubuhi moja. Maziwa yakatoka, si mengi, yakamtosha mtoto mpaka akaanza kula wali. Ulimi wa ng'ombe unakwaruza kama msasa. Wakati mwingine ulipita doa, ukapita na mkono wangu, nami nikaacha upite.

Nikaanza pia kuacha haki yao shambani, dafu la mwisho la kila siku. Nikilipasua tu, ng'ombe saba wanakuja, wanasukumana. Zabibu hakuja. Alisimama mbali kwenye minazi ya mwisho, kichwa juu, mpaka niondoke. Si kwangu tu. Hakumsogelea tena mtu yeyote, hata mtoto mdogo, hata Bi Mwatumu ilibidi amfuate na kamba. Mnyama aliyekuwa wa kwanza kuja, nilimfundisha kutokuja. Kwa mapigo mawili.

Siku moja nilimwambia Bi Mwatumu nimejuta. Alikuwa anaponda makumbi, hakuacha kuponda.

"Najua umejuta. Majuto yako ni yako. Mimi nitakumbuka kwamba ulikuja kila alfajiri, na nitakumbuka pia kwamba ulisikia ukapita. Yote mawili. Usitake nisahau moja."

Amefariki sasa, Mungu amrehemu. Hakunipa ng'ombe wala radhi ya maneno matamu, usidhani hii ni hadithi ya zawadi. Ng'ombe wangu wa kwanza nilimnunua mwenyewe, na wote ishirini na saba nimewalea mwenyewe. Lakini macho ya kuwatazama nilipewa pale, kwa mwiko.

Basi sikia, na usinijibu ni ng'ombe tu, nitakasirika upya.

Ukipita shambani wakaja kukutazama, simama. Waache waone. Sema nao, chochote, hata jina lako. Kisha nenda taratibu, usikimbie, kwa kuwa ukikimbia wewe ndiye unayewaita. Usipite kati ya mama na ndama wake, maana huyo ana haki ya kukuumiza, uchungu wa mwana aujua mzazi. Kama una dafu, pasua moja, halitakufilisi. Na ukiogopa, sema naogopa. Ningesema hivyo kwa Mzee Faki, angenishika mkono tukapita pamoja, na yule ndama angekuwa bibi wa kundi zima leo. Woga uliofichwa ndio unaookota fimbo.

Wala usidhani nazungumza ng'ombe peke yao. Watu nao hukujia hivyohivyo. Mtoto anayekuuliza maswali mpaka unachoka. Mgeni wa dago, mvuvi kutoka pwani nyingine, anayesimama mlangoni kwako hajui aseme nini. Mkeo mpya anayetaka kujua ulikuwa wapi. Hawana vita nawe, wamekuja kukujua. Ukiwapiga usoni, kwa mkono au kwa neno, hawatakudai. Watasimama tu mbali, siku zote, na utaishi na nyumba nzuri, na shamba safi, na watu wanaokusifu, na hakuna anayekusogelea. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na usimfukuze anayekutazama ilhali hujui siku gani utahitaji kuonwa.

Lakini ukikosea, na utakosea, maana hata mimi nilikosea, likumbuke hili kuliko yote: pigo langu halikuwa dhambi yangu kubwa. Kubwa ni kwamba nilisikia, nikajua, nikatazama kanzu. Ningegeuka palepale, maji yalikuwa bado mbali. Pengine tungemtoa kabla hajahangaika na mimba yake, pengine ndama angepona. Pengine hilo silipati jibu mpaka naingia kaburini. Ukiangusha kitu, rudi. Rudi na aibu yako, rudi na nguo yako mpya, rudi hata kama harusi inakungoja.

Mungu akupe ujasiri wa kusimama ukitazamwa, mwanangu. Akuepushe na fimbo ya mwoga. Na siku utakayosikia kishindo ulichokisababisha wewe, akugeuze miguu saa ileile, kabla maji hayajajaa. Amina.